Bustani ndogo ni msaada kwa akili iliyochoka

Na DAKTARI WETU

MWAKA 2021 mzee mmoja wa miaka 61 alikuja kuniona mara sita katika muda wa miezi minne hapa Kitengela. Kila alipofika alilalamikia jambo jipya. Mara kifua kinabana, mara kichwa kinagonga, mara tumbo linawaka moto. Nilimpima presha, nikampima sukari, nikamtuma apigwe picha ya kifua na kupimwa moyo. Majibu yote yalirudi bila kasoro.

Siku ya sita niliweka kalamu chini, nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Mzee, ukishaamka asubuhi, siku yako huwaje?"

Alinyamaza kidogo. "Daktari," akasema, "mimi naamka saa kumi alfajiri kama nilivyozoea miaka yote ya kazi. Naoga, navaa, naketi kwenye kiti. Halafu sina pa kwenda."

Mzee huyu alikuwa amestaafu Nairobi, akahamia kwenye ploti yake ya futi 50 kwa 100. Nyumba nzuri, ukuta wa mawe, lango la chuma. Watoto walikuwa wamekwenda kutafuta maisha yao. Jirani zake aliwajua kwa magari yao tu. Ugonjwa wake haukuwa wa moyo wala wa tumbo. Alikuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ambayo humnyima mtu usingizi, hamu ya kula na raha ya mambo aliyoyapenda.

Nilimwanzishia dawa na kumtafutia mshauri. Pia nilimwomba alete gunia kuukuu. Leo nataka kueleza kuhusu gunia hilo.

Ugonjwa unaovaa nguo za ugonjwa mwingine

Wagonjwa wachache sana huingia kwa daktari na kusema, "Nina huzuni." Wengi huja na mgongo, kichwa, vidonda vya tumbo au uchovu usioisha. Hawadanganyi. Maumivu ni ya kweli, kwa sababu akili na mwili hupakana bila ua. Mtu akiishi na wasiwasi siku nenda siku rudi, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli, ile inayotuandaa kukimbia hatari. Homoni hiyo ina faida ukikutana na simba. Lakini ikibaki juu kwa miezi kwa sababu ya madeni, huharibu usingizi, hupandisha presha na kuchosha misuli.

Katika sehemu hizi za Kajiado, sababu za wasiwasi si haba. Aliyeijua Kitengela ya zamani atakumbuka mbuga wazi, ambako nyumbu na pundamilia walitoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwenda kula nyasi upande wa kusini. Ardhi hiyo ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai hadi ilipoanza kugawanywa mwaka 1988. Sheria ya EPZ ikapitishwa mwaka 1990, viwanda vikafunguliwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata wakazi 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka 2019 ilipata 1,117,840.

Wengi wetu basi ni wageni. Tulinunua ploti, tukajenga, tukahamia. Tunaondoka kabla ya jua kuchomoza ili kuuwahi msongamano wa magari kwenye barabara ya kwenda Nairobi, na kurudi usiku. Tuliacha nyuma shamba la wazazi, majirani waliotujua kwa majina, na kazi za mikono ambazo tulidhani ni taabu tupu. Huku tukaweka mawe ya kabro hadi mlangoni ili kuepuka matope.

Tatizo hili si la Kitengela peke yake. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lilitoa ripoti yake Julai 2020 na kupendekeza kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Utafiti unasema nini?

Fikira kwamba bustani husaidia akili si mpya. Mwaka 1812 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, Marekani, aliandika kwamba wagonjwa wa akili waliopewa kazi za mikono hospitalini, kama vile kuchimba bustani na kukata kuni, mara nyingi walipona, ilhali wale ambao hadhi yao haikuwaruhusu kufanya kazi hizo walidhoofika.

Wataalamu wa siku hizi wamejaribu kupima jambo hilo kwa makini zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 Uholanzi, watu 30 waliokuwa na vijishamba vyao walipewa kwanza mtihani wa kuwatia wasiwasi. Kisha nusu yao walipelekwa kulima kwa dakika 30, na nusu wakakaa ndani wakisoma. Mate yao yalipimwa kotisoli. Homoni hiyo ilipungua kwa wote, lakini ilipungua zaidi kwa waliolima. Furaha nayo iliwarudia kikamilifu waliolima tu.

Mwaka 2018 yakatolewa matokeo mengine kutoka Philadelphia. Viwanja 541 vilivyoachwa ovyo vilihusishwa. Vingine vilisafishwa taka na kupandwa nyasi na miti michache, vingine vikasafishwa tu, vingine vikaachwa vilivyo. Watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za huzuni kwa zaidi ya asilimia 40, wakilinganishwa na walioishi karibu na viwanja visivyoguswa. Na katika jimbo la Colorado, utafiti wa watu wazima 291 uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliopewa nafasi katika bustani za jamii walikula vyakula vya nyuzinyuzi zaidi, wakafanya mazoezi zaidi, na wasiwasi wao ukapungua.

Tusitie chumvi. Baadhi ya tafiti hizi ni ndogo na zilifanywa mbali na kwetu. Hakuna hata moja inayosema kwamba sukuma wiki inatibu kila ugonjwa wa akili. Lakini zote zinaelekeza upande mmoja, na mimi nimeona jambo lilo hilo katika chumba changu cha matibabu.

Bustani hufanyaje kazi?

Kwanza ni mwili wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hivi au zaidi kwa wiki. Kulima, kubeba maji na kung'oa magugu ni mazoezi ya aina hiyo, wala huhitaji kulipia ukumbi wala kununua viatu maalumu.

Pili ni mwangaza. Ubongo una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Mtu anayeshinda ndani na pazia limefungwa huchanganya usiku na mchana. Nusu saa nje asubuhi husaidia usingizi kuja kwa wakati wake.

Tatu ni mawazo. Akili yenye sonona huzunguka jambo moja kama ng'ombe anayezunguka kigingi alichofungwa. Kutenganisha mche na gugu ni kazi ndogo, lakini huishika akili kiasi cha kuifungua kidogo kamba hiyo.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, ni jibu la mmea. Mgonjwa wa sonona husubiri apate hamu ndipo aamke. Kumbe mambo ni kinyume. Katika ugonjwa huu hamu huja nyuma ya kitendo. Ndiyo sababu washauri huwapa wagonjwa kazi ndogo zilizopangiwa saa, wazifanye wapende wasipende. Sonona humwambia mtu kwamba hakuna analofanya lenye maana. Mbegu ya terere uliyoimwagilia inapochipuka baada ya siku chache, hayo maneno ya sonona yamepata upinzani.

Tano ni watu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, familia nyingi za Kibera zilianza kupanda mboga katika magunia, zikisaidiwa na shirika la Solidarités la Ufaransa kuanzia mwaka 2008. Lengo lilikuwa chakula. Lakini gunia lililo mlangoni halifichiki. Jirani ataliona, atauliza, ataomba mche. Yule mzee wangu alizungumza na jirani yake wa ukuta wa pili kwa mara ya kwanza alipokwenda kumwomba samadi ya mbuzi.

Si kila mmea unaotuliza

Hapa sharti nieleze jambo ambalo nilifundishwa na mgonjwa. Ukielekea Isinya utakuta mashamba makubwa ya maua yanayouzwa ng'ambo. Mama mmoja anayefanya kazi katika shamba la aina hiyo alikuja na msongo wa mawazo. Nikaanza kumsifia mimea. Akacheka. "Daktari, mimi maua nayaona kutwa nzima. Hayo ndiyo yanayonichosha."

Alikuwa na haki. Ua si dawa kwa sababu ni ua. Shamba la tajiri lina msimamizi na idadi ya kutimiza. Hata mkulima wa nyanya na vitunguu kule Loitokitok aliyekopa ili anunue mbegu na dawa hawezi kutulizwa na shamba ambalo bei ikianguka humtupa kwenye madeni. Bustani inayotuliza ni ile ambayo ni yako, ni ndogo, na ikishindwa haitakulaza njaa. Mama yule alipona zaidi kwa kubadilishiwa zamu, akapata nafasi ya kwenda kwaya Jumamosi. Kila mtu na kile kinachomrudisha.

Vivyo hivyo kwa wafugaji. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa kunyesha vya kutosha misimu mitano mfululizo, na wafugaji wengi wa Kajiado walipoteza ng'ombe. Kwa mzee wa Kimaasai, ng'ombe si mali tu. Ni heshima yake, ni mahari ya wanawe, ni mazungumzo yake ya jioni. Kumwambia mtu kama huyo akapande kabeji ni kumkejeli. Mmoja niliyemtibu alianza kupata nafuu alipopewa na ndugu zake mbuzi wawili wa kuanzia upya, akapata tena sababu ya kuamka. Msingi ni ule ule: kuwa na kiumbe hai kinachokutegemea leo na kesho.

Kosa langu

Nisingependa msomaji aondoke na ukurasa huu akidhani kwamba jembe linatosha. Miaka kadhaa iliyopita mama kijana aliyekuwa na mtoto wa miezi miwili alikuja kwangu, amechoka, analia bila sababu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia atoke nje apate hewa, apalilie ile bustani yake, na arudi baada ya mwezi.

Sikumwuliza kama alikuwa anafikiria kufa.

Siku kumi na moja baadaye dada yake alimleta usiku. Alikuwa amejaribu kujidhuru. Tulimpeleka hospitali kwa haraka, akaokoka, akapata matibabu kamili ya sonona inayofuata uzazi. Leo mwanawe anaenda chekechea. Bustani haikuwa na kosa, wala yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu la kutoa ushauri mwepesi kwa ugonjwa mzito. Tangu siku hiyo namwuliza kila mgonjwa mwenye huzuni swali hilo waziwazi. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo. Sivyo. Kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo.

Mwone daktari bila kukawia iwapo huzuni imedumu zaidi ya wiki mbili, iwapo huli wala hulali, iwapo unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, iwapo pombe imekuwa ndiyo usingizi wako, au iwapo unawaza kwamba ni heri usingekuwepo. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya simu isiyolipiwa, 1199, kwa wanaohitaji mtu wa kuzungumza naye. Na kama tayari unatumia dawa za akili, usiziache kwa sababu umepata bustani. Viwili hivyo vinakwenda pamoja.

Namna ya kuanza

Watu wa Kitengela huniambia, "Daktari, hapa hakuoti kitu." Ni kweli udongo wetu mweusi hunata kama gundi ukinyesha na kupasuka nyufa ukikauka. Ni kweli pia kwamba maji ni ghali, na visima vingi vya upande huu vina chumvi na floraidi. Lakini unachohitaji si ekari.

1. Anza na gunia moja au ndoo mbili kuukuu zilizotobolewa chini. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo. Samadi si shida Kajiado. Simamisha safu ya mawe madogo katikati ya gunia ili maji yafike chini, kisha toboa matundu ubavuni ya kupandia miche.

2. Chagua kinachoota upesi. Terere huweza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki, spinachi, managu na dhania hufuata. Anayeugua sonona asianze na mparachichi wa kungojewa miaka.

3. Panga saa, si hamu. Dakika 20 kila asubuhi ni bora kuliko Jumamosi nzima ya kujiua mgongo. Siku mbaya, toka tu ukaangalie.

4. Tumia maji kwa hesabu. Kinga ya mvua kutoka kwenye mabati. Maji yaliyosuuzia mboga au mchele yanafaa. Funika udongo kwa nyasi kavu, na umwagilie asubuhi au jioni. Usimwagilie mboga kwa maji ya taka.

5. Shirikisha mtu. Mpe mtoto ndoo moja iwe yake. Mpe jirani miche iliyozidi.

6. Mmea ukifa, panda mwingine. Hata mabingwa hupoteza miche, na kufa kwa mche si ushahidi kwamba wewe hufai.

Tahadhari

Hakikisha umechanjwa dhidi ya pepopunda, kwa maana vijidudu vyake huishi udongoni na katika samadi. Vaa viatu na glavu, na usitie mkono mahali usipoona, hasa penye mawe na nyasi ndefu, kwa sababu kifutu hupenda kujificha humo. Funika matangi na ndoo ili mbu wasizaane. Anayeugua moyo au mgongo aulize daktari kwanza kuhusu kazi nzito.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Dawa za kuua wadudu zisikae ndani ya nyumba, na hasa nyumba yenye mtu aliyekata tamaa. Bustani ya gunia haizihitaji. Wadudu wachache unaweza kuwatoa kwa mkono au kwa maji yenye sabuni kidogo.

Na yule mzee?

Mzee wangu alipoambiwa alete gunia alinitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. Wiki ya kwanza alipanda, miche ikaungua kwa jua. Wiki ya tatu akapanda tena. Alitumia dawa miezi tisa, na mshauri alikutana naye mara kadhaa. Sitasema kwamba gunia ndilo lililomponya. Nasema tu kwamba dawa ilimwezesha kusimama, na gunia likampa sababu ya kutoka kwenye kiti. Sasa ana magunia kumi na moja, na kina mama wa mtaa wake humpitia jioni kununua mboga ya shilingi 20.

Alikuja tena mwezi uliopita. Nilipomwona mlangoni nilishtuka, nikadhani kifua kimerudi. Kumbe alikuwa amechomwa na mwiba kidoleni. Nilimsafisha, nikamdunga sindano ya pepopunda. Nilipotaka kumpima presha, akaniomba nisimkawize. Jua lilikuwa linapanda, na alikuwa hajamwagilia.